Jicho la Kulia

Cheti kilikunjwa mara nne, kimelowa jasho la Msimbazi.
OD, OS, SPH, CYL, AX, PD.
Mwalimu Pelagia Nditi akakilaza mezani pangu
kama daftari la mtoto aliyenakili kwa mwenzake.
"Miaka thelathini na minne nimesahihisha insha," akasema,
"leo nasomewa macho yangu
kwa lugha ya watu waliokwisha kufa."

Nikamweleza. OD la kulia, OS la kushoto.
SPH ni tufe: lenzi itune au ibonyee kiasi gani.
CYL mcheduara, AX nyuzi za mhimili wake,
PD mwendo wa kutoka mboni hadi mboni,
kwako, Mwalimu, milimita sitini na mbili.

"Basi tuandike kwetu." Akachomoa kalamu nyekundu.
"Kulia: K. Kushoto..."
Kalamu ikasimama hewani.
"K."
Tulicheka mpaka fundi Rajabali akazima mashine
atusikilize vizuri.

"Na leza je?" Alipigwa leza Machi, mara tatu,
risasi za kijani zisizo na mlio.
Nikamwambia leza halikuwa neno,
ni herufi tano zilizozoeana.
Akazihesabu kwa vidole:
Ukuzaji, Nuru, Uchocheaji, Utoaji, Mnururisho.
"Unuuum." Akalivuta. "Huyo ni ng'ombe
anapelekwa Vingunguti. Wabaki na leza yao."

Kisha kidole chake kikashuka mstari wa chini,
pale nilipokuwa nimefunika kwa kiganja.
"Na hii? NPL?"

Feni ilizunguka. Nje mtu alinadi soksi,
tatu buku mbili, tatu buku mbili.
Herufi hizo nilizijua tangu chuo,
zilikuwa na alama mbili kwenye mtihani.
Sikuwahi kuzitamka mbele ya uso wa mtu.

"Haoni nuru," nikasema.

"Halioni," akanisahihisha. "Jicho halioni.
Mimi naona."

Akachagua fremu ya kahawia. Akaomba apunguziwe elfu tano,
akapunguziwa tatu.
Mlangoni alijipangusa upande mmoja tu wa uso.
"La kulia," akasema bila kugeuka,
"linafanya kazi ya jina lake."

Kwenye fomu, upande wa kushoto, niliandika BAL:
lenzi ya mizani,
unene uleule, uzito uleule,
kwa jicho lisiloihitaji,
ili fremu isilalie upande,
ili watu wasijue pa kukodolea.

Jioni nikazisaga zote mbili.
Ile ya kushoto niliirudia.
Kulikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni,
ambao hakuna mtu angeuona.