Mbegu ya Kibuyuni

Niliosha kibuyu cha mama kwa Jiki.
Naanza na kosa, mengine yatafuata.
Ilikuwa Newala, msimu wa korosho,
dumu la maji likishindana bei na soda,
nami nimetoka chuo cha maabara
na koti jeupe, na kiburi cheupe vilevile.

Ndani ya kibuyu kulikuwa na utando,
harufu kali, rangi ya jino la mvuta kiko.
Nikasugua. Nikasuuza mara tatu, na maji hatuna.
Nikakianika juu ya paa la jiko,
nikajiona mtumishi wa afya.

Uji wa mtama ukalala humo na kimea chake,
ukaamka uji.
Kesho yake, uji.
Siku ya nne ukavunda, tukawamwagia kuku,
na kuku nao wakasimama kwanza, wakafikiri.
Mama akanusa mdomo wa kibuyu.
Hakunigombeza. Alisema tu:
"Umeua watu wa kwetu."

Wiki hiyohiyo Mfaume wangu, mwaka na nusu,
alimaliza dawa ya sikio.
Sikio likapona, tumbo likafunguka:
nepi sita, nepi nane,
macho yameingia ndani kama ya mtu mzima mwenye deni.
ORS nikampa, na zinki. Hizo ndizo za kwanza,
asije mtu akanisingizia.
Kisha nikaenda duka la dawa, nikaonyeshwa boksi dogo:
laktobasili plantaramu,
na mwisho wa jina, herufi mbili na tarakimu.

"Namba ya nini?" mama akauliza
nilipomsimulia.
Nikamweleza: jina ni moja, koo ni nyingi.
Huyu hung'ang'ania ukuta wa utumbo,
yule hupita tu, kama mgeni wa harusi asiye na kadi.
Kuna anayesaidia chuma cha kisamvu kifike damuni,
kuna asiyesaidia kitu, anakula na kulala.
Aliyepimwa akaonekana anafaa hupewa namba,
na sifa yake haimvishi ndugu yake kanzu.

Mama akaitikia polepole,
kama anayepewa habari za majirani.
"Kumbe wana litawa," akasema, "kama sisi.
Na huyo wa kwenye boksi,
mama yake nani?"

Elfu thelathini na nane. Nililiacha pale kaunta.

Alfajiri mama akapanda bodaboda hadi Kitangari,
kwa dada yake, Bi Adija,
aliyeolewa na kibuyu chake
kilichotiwa mbegu kutoka kibuyu cha bibi.
Akarudi na kopo la siagi limefungwa kwa kitenge,
amelipakata njia nzima
kama mtoto wa siku saba.

Tone moja nikalipeleka kazini.
Nikalipaka kiooni, nikalipitisha motoni, nikalitia rangi.
Nikainamia darubini.
Walikuwepo: vijiti vya zambarau,
wawili wawili, wengine wameshikana mikono
mstari mfupi, mstari mrefu.
Namba yao sikuiona. Darubini haisemi ukoo.

Siku ya tano Mfaume akaomba ugali.
Ni togwa? Ni zinki?
Ni tumbo lenyewe limechoka kukimbia?
Sijui, na mshahara wangu ni wa kusema sijui
pale nisipojua.
Mama haulizi. Anapima kimea kwa kiganja.

Ila najua hili, nimelisoma, na sasa linanikaa:
mtoto akipita njia ya uzazi
hutoka amepakwa baadhi ya wadudu wa mama yake,
naye mama alipakwa na wake.
Nilikuwa nimebeba kibuyu mwilini
siku ile niliyoshika brashi.

Fomu ya sampuli nimeijaza, ipo kwenye faili:
Jina: halijulikani.
Umri: wamenizidi.
Anakotoka: Kitangari, kwa mama mkubwa.
Mkuu wa maabara ameirudisha,
amezungushia wino mwekundu,
ameandika pembeni: "Jaza vizuri."