Lifuate Gumba

Erivelto hawezi kuunyoosha mkono wake wa kulia.
Akikusalimu, kiwiko hubaki kimekunjwa
kama mtu aliyebana barua kwapani.
"Alikuwa na miaka ishirini na mitatu," mkewe husema,
"na watu ukumbini walikuwa wengi mno
asiweze kupiga mkeka."
Hilo ndilo somo la kwanza,
nalo hajawahi kulifundisha kwa mdomo.

Sisi hukutana juu ya duka la matairi, hapa Belém,
saa tisa alasiri, inaposhuka mvua
ile ile ya kila siku, ijayo kama mdai,
ikayapiga mabati hata sauti ya mwalimu ikazama,
nasi tukajifunza kwa kushikwa, si kwa kusikia.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nauza unga wa muhogo.
Daktari alisema goti langu linataka nitembee.
Sikumwambia kuwa ningetembea kwa mgongo.

Jamile ana miaka kumi na tisa, na mapaja yake ni koleo.
Ananilaza. Mguu mmoja usoni, mmoja kifuani,
mkono wangu ameukumbatia kama kichanga,
na upole huo ndio unaotisha.
Kisha anainua nyonga, kidogo tu,
kiasi cha mtu anayesogea kumpisha mwenzake kwenye benchi,
na kiwiko changu kinapata habari
ambazo mimi sijaambiwa.

Majuma ya mwanzo nilivuta.
Nilivuta kama navuta gunia kutoka mtumbwini,
na kadiri nilivyovuta ndivyo nilivyojinyoosha,
nikimfanyia Jamile kazi yake bila ujira.
Erivelto akachuchumaa kando ya sikio langu:
"Dona Osmarina, unagombana na kufuli.
Mlango uliacha wazi wapi?"

Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua,
kama anayetafuta hereni iliyodondoka:
kabla ya nyonga palikuwa na mguu,
kabla ya mguu, kifundo cha mkono kilichodakwa,
na kabla ya kifundo, hapo! ufa mwembamba
kati ya kiwiko changu na mbavu,
wa kupitisha kiganja tu.
Ufa sikuuziba,
na sasa nadaiwa ukuta
nikiwa chali, mtu juu yangu.

Basi, kiwiko ubavuni, ninavyobana kibeti sokoni.
Kikishatoka, kiganja kwa kiganja, shika.
Viganja navyo vikiachana, kidole baada ya kidole,
geuza gumba litazame sakafu
kisha lifuate.
Usivute. Lifuate: bega, kichwa, mwili mzima,
uzi nyuma ya sindano.

Jumanne nililifuata.
Dari ikawa chini. Harufu ya mpira mpya ikapanda
kutoka kwa fundi, na jasho la Jamile,
na katikati ya kubiringika huko
mkono ukachomoka,
umelowa, unatetemeka, wangu.

Jamile akacheka. "Tena," akasema.

Tena akanipata.
Gumba lilichelewa, nyonga zake zikawahi.
Nikawaona watu ukingoni: fundi na rimu yake,
watoto wawili, kijana ameinua simu.
Nikamwona Erivelto, hasemi kitu,
amekishika kiwiko chake.

Nikapiga mkeka. Mara mbili, kwa kishindo,
ili na mvua isikie.

Jioni niliinua debe la unga kwa mkono ule ule
nikalitua mizanini.
Mteja akaniuliza, mbona wakunja na kunyoosha,
wakunja na kunyoosha?
"Nahesabu mali," nikamwambia.
Nikamwongezea konzi moja juu.