Kopo la Risiti

Nilipanda ngazi juu ya duka la spea, Majengo, Moshi,
kopo la maziwa ya unga kwapani,
mwaka mzima wa Fuso umeshindiliwa humo.
Bi. Aikande akavaa miwani, akalowesha kidole:
"Tuanze. Kilicholiwa na gari,
si kilicholiwa na wewe."

Dizeli ya Himo, inapunguzwa.
Tairi mbili za nyuma, Kisongo, zinapunguzwa.
Springi, grisi, bima, maegesho,
akizigusa kwa kalamu mojamoja
kama anayehesabu mbuzi wakirudi zizini.

Halafu akainua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.
Nyeupe. Na nyingine. Nyeupe.
Nilizipanga juu ya dashibodi,
jua la Bomang'ombe likaramba wino wote.
"Hapa palikuwa na lita mia mbili," nikasema.
"Hapa pana karatasi," akasema.

Lakini faini hazififii.
Faini zimekaa ndani ya simu
na namba za malipo ndefu kuliko ukoo wetu.
Mizani ya Njia Panda, tani moja na nusu ya ziada:
mahindi yalinyeshewa Babati, niliwaambia,
hiyo mnayoipima ni mvua.
Wakaipima mvua, wakaiandikia.
Taa ya breki, Usa River.
"Nazo zitoe."
Akacheka bila kuonyesha meno.
"Baba Ndeshi, Serikali haikuchapi kwa mkono wa kulia
ikakupoza kwa wa kushoto.
Kosa si gharama ya biashara."

Kosa ndiyo barabara yenyewe, nikamwambia,
nani amepita hapa hajaacha kitu?
Na ile ya soda, isiyo na risiti wala jina?
Akafumba macho.
"Hiyo hata usiitaje mbele ya kalamu."

Posho ya utingo ilipita.
Loishiye alitia dole gumba, wino wa bluu,
tukalipuliza likauke.

Ikabaki moja.
Kwa Sadala, sabini na nne penye hamsini,
Jumapili, bodi tupu.
"Ulibeba nini?"
Mtori, nikasema.
Kwenye chupa ya chai, katikati ya magoti.
KCMC walikuwa wanafunga saa ya kuona wagonjwa
na mama alikuwa ameutaja tangu asubuhi.

Kalamu ikasimama hewani,
nikaona inatafuta safu ya kuliweka lile jambo.
Iache, nikamwambia.
Hiyo sidai ipunguzwe.