Lifti Iliyoogopa Ghorofa ya Tisa

Sikuwa mwandishi. Nilikuwa na spana,
taa ya kichwani, na mikono isiyotoka grisi
hata niisugue kwa mchanga.
Miaka ishirini na sita nikipanda na kushuka
katika majengo ya Ruse, ng'ambo ya Danubi ni Romania,
na hakuna aliyeniuliza nawaza nini
humo shimoni.

Ndipo lifti ya jengo namba kumi na saba
ikakwama kati ya ghorofa ya nane na ya tisa,
Januari, theluji mpaka magotini,
na ndani mtoto peke yake: Ognyan, miaka mitano,
amekumbatia mkate wa bibi yake.
Alilia kilio cha kupasua mbao.
Breki imeng'ang'ania, kipuri kiko njiani,
sina cha kumpa ila mdomo.

Nikauweka penye ufa wa mlango:
"Usiigombeze. Inaogopa.
Huko juu yuko mama mmoja anayepiga chafya."
Kimya.
Kisha sauti ndogo, yenye kamasi:
"Chafya kubwa?"

Kubwa kiasi gani, ilinichukua saa mbili kueleza.

Usiku ule niliandika yote
nyuma ya fomu za ukaguzi.
Nikaongeza paka, nikaongeza mwezi,
nikaongeza, Mungu anisamehe, mafunzo:
watoto watii wazazi, wasile pipi ndani ya lifti,
umoja ni nguvu.
Nikatuma Sofia kwa posta.
Wa kwanza hawakujibu. Wa pili walijibu mstari mmoja.
Wa tatu, Bi Velikova, alinirudishia karatasi
zina madoa ya wino wa kijani
kama mtoto wa tetekuwanga aliyepakwa dawa,
na chini kabisa:
"Paka hana kazi. Mfukuze.
Mwezi umechoka, kila mtu anautumia.
Na hayo mafunzo, Bi Stoeva, unamfunza nani?
Aliyekwama hataki mahubiri.
Anataka chafya."

Wiki nzima nilikaza boliti hadi zikalia.
Yule paka nilimpenda.

Kisha nikafanya kama tufanyavyo mzigo ukizidi:
mmoja atoke, ndipo mlango ufunge.
Neno lenye mabegi, toka.
"Hapo zamani za kale", toka,
jengo lenyewe limejengwa juzi tu.
Paka alitoka wa mwisho, akinitazama.
Yakabaki maneno mia mbili na kumi na moja.
Miaka minne, hayo.

Leo, maktaba ya mtaa. Kiti kidogo,
magoti yanagonga kidevu.
Watoto sita, bibi mmoja amesinzia,
kitabu bado kinanukia gundi.
Nikapiga chafya zote saba, kila moja na sauti yake.
Walicheka nisipotegemea;
nilipongojea kicheko, wakanikodolea macho.
Ognyan hakuja. Ana miaka tisa sasa,
vitabu vya picha, kasema, ni vya watoto.

Msichana wa mbele, pengo mdomoni, akainua mkono:
"Usiku watu wote wakilala,
lifti inalala ghorofa ya ngapi?"

Miaka thelathini. Nazijua kamba zake,
najua inapokohoa na inapodanganya.
Hilo sikulijua.

Nikatafuta karatasi, sina.
Nikaandika kiganjani, wino ukiteleza juu ya grisi,
nikamwomba arudie,
polepole.