Nukta Zilizofuata Barabara

Ofisini Lindi feni inazungusha joto bila kulipunguza,
nami naigawa wilaya kwa miraba,
kila mraba kilomita moja,
kila nukta mnyama aliyeonwa na mtu mwenye kalamu.

Nyekundu: palindwe kwanza.
Njano: pasubiri bajeti.
Nyeupe: hapana kitu.

Nikarudisha kiti nyuma kidogo, nikaona.
Nukta zote zimejipanga kama siafu
kutoka Ng'apa kwenda Rutamba,
zinakata kona pale barabara inapokata kona,
zinakoma pale gari letu lilipokwama mwezi wa pili.
Kumbe sikuchora makazi ya komba.
Nimechora tulikolala sisi,
na nyumba ya wageni yenye soda baridi.

Somoe Mtopela alicheka nilipomwonyesha.
Yeye huchimba ming'oko ndani ya weupe ule,
hurudi na nusu gunia, mikwaruzo, na habari.
"Huko kwenye 'hapana kitu' yenu," akasema,
"usiku hakulaliki kwa kelele."

Tukaenda kwa miguu, msitu wa Litipo, upande usio na njia.
Tochi yangu ilimulika majani,
majani,
majani.
Somoe akaizima ya kwake.
"Macho yana papara. Sikiliza."

Mara mbili. Kimya. Mara mbili tena,
sauti ikififia kama mtu anayehesabu fedha
huku usingizi unampitia.
Halafu tukamwona: mwili wa kujaa kiganjani,
mkia kama brashi ya kuoshea chupa,
akaturuka bila hata kutudharau.

Nyuma yetu, si mbali, moshi.
Chilumba anafyeka apande ufuta;
ana wanawe wawili sekondari, na karo haisubiri mvua.
Kwenye ramani yangu
yeye naye hana nukta.

Jumatatu nikaweka nukta moja.
Mraba ukageuka mwekundu, peke yake,
kama tone la damu kwenye shuka.
Miraba mingine mia na kitu
sikuiacha nyeupe. Nimeipaka kijivu,
na kwenye ufunguo wa ramani, penye "hapana kitu",
nimefuta, nimeandika:
hatujafika.

Mkuu amepiga simu, anauliza
kijivu hiki kitagharimu kiasi gani.
Nimemjibu: jozi mbili za viatu,
na posho ya Somoe.