Alama ya Kutoa

Oruro, mwezi wa Juni. Baridi ya milimani
imeng'ang'ania dirisha la ofisi kama kupe.
Karatasi arobaini na moja.
Ya juu kabisa ina thelathini na nane kwa mia.

Mwenzangu Severo, akikoroga chai ya koka, akanicheka:
"Wavivu hao, Nélida. Wafelishe, watatia akili.
Au wameibiana. Tazama swali la nne,
wote wamepotea njia moja."

Nikatazama.
Kosa moja, miandiko arobaini na moja,
na sura yake niliijua,
kama kusikia kikohozi chako mwenyewe chumba cha pili.

Nikaazima daftari la Yhoselin, binti wa mchimba bati,
aandikaye kwa penseli ili daftari litumike mara mbili.
Machi, tarehe kumi na tisa: mlinganyo wangu wa maji bombani,
umenakiliwa kwa uaminifu wa karani,
na alama ya kutoa haipo.
Nyani, kumbe, haoni.

Basi leo sikurudisha karatasi.
Nimeandika swali la nne ubaoni,
nikalijibu vile vile nilivyowafundisha,
nikachukua chaki nyekundu
nikajipa sifuri, kubwa, ya mviringo.

Kimya. Kisha Yhoselin akanyoosha mkono nusu:
"Tuliona siku ile, mwalimu.
Ila ulikuwa na haraka,
na hukupenda kuulizwa."

Chaki ingali mkononi.
Sifuri ile
sijui niifute, au nichore ya pili.