Mizani ya Pongwe

Saa kumi alfajiri.
Shemdoe kazima injini, hajashuka.
Anauliza: huu mchanga unauma?

Hauumi. Hauna joto wala harufu,
umelala chini ya turubai kama wa kujengea choo.
Ila kidude changu kinadonoa:
mlangoni pako, ti… ti,
kuku mmoja na punje zake;
nyuma ya tela, banda zima limemwagiwa mtama.

Basi umbali ndio dawa.
Utingo asilale juu ya mzigo,
hata mvua ikiwakuta Muheza.
Turubai likichanika, simama, lishone;
vumbi likishaingia kifuani halijui mlango wa kutokea.
Na karatasi hii usiikalie:
ukipinduka, wewe hutasema,
itasema yenyewe kwa atakayekuja kukutoa.

Anaikunja mara nne, anaikunjua tena.
“Nikifika, mwanangu hunirukia.”
Nawa kwanza. Badili shati. Halafu mbebe.

Anawasha gari,
ananyooshea kidole kibao cha plastiki shatini mwangu.
“Na hicho?”

Hiki kinanihesabia mimi.
Cha kwanza kilikwenda kusomwa mwezi wa tatu.
Majibu bado.